Alama ya © ikae usoni mwa picha au mgongoni?

Hoja: Wapiga picha wanaouza nakala zao kama kazi za sanaa hawakubaliani. Kuna wanaoandika © (alama ya hakimiliki), mwaka na jina usoni mwa picha, na kuna wanaotia saini tu. Nani yuko sahihi?

MCHAPAJI: Mgongoni. Picha ya ukutani yenye © konani inafanana na picha ya gazeti, na mnunuzi anayetoa hela ya maana haitaki. Usoni panatosha namba ya nakala kushoto, tuseme 3/25 (yaani ya tatu kati ya nakala 25), na saini kulia, kwa penseli, kwenye ukingo mweupe chini ya picha. HB au 2B inashika vizuri kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa. Kwenye karatasi yenye ngozi ya plastiki penseli inateleza. Hapo chukua peni ya wino wa pigmenti, ncha ya mm 0.1 hadi 0.3, na uache wino ukauke kabisa. Maka peni msiiguse: wino wake wa spiriti hupenya karatasi, na doa linaweza kutokeza upande wa pili.

MUUZAJI WA PICHA: Mgongoni nani ataona? Picha ikishagandishwa kwenye ubao kwa gundi, maandishi ya nyuma yamezikwa. Mteja anapiga picha ya picha kwa simu, kesho iko kwenye kalenda ya hoteli, na anasema hakujua ina mwenyewe.

MWANASHERIA, NAIROBI: Kutojua hakumpi haki. Kenya, Tanzania na Marekani ziko kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, na chini yake hakimiliki haitegemei alama yoyote. Aliyenunua nakala amenunua karatasi. Haki ya kuchapa kalenda inabaki kwa mwenye hakimiliki mpaka aitoe kwa maandishi. Marekani ndiko alama ilikuwa ya lazima kwa kazi zilizotolewa kabla ya Machi 1, 1989. Leo ni hiari, ila ina faida: mshitakiwa aliyepata nakala yenye alama kwa kawaida hawezi kupunguziwa fidia kwa kisingizio cha kutojua. Na kanuni za huko zinakubali alama mbele, nyuma, hata kwenye fremu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mwaka. Kwa sheria ya Kenya picha inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipofikishwa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, lolote lililokuja mwisho. Haihesabiwi kwa uhai wa mpiga picha. Asiyeandika mwaka anawaachia warithi wake ubishi.

MUUZAJI WA PICHA: Mwaka upi sasa? Picha ya 2009 imechapwa 2024.

MWANASHERIA, NAIROBI: Yote miwili, kila mmoja na maelezo yake: "Imepigwa 2009, nakala hii imechapwa 2024." Kwenye © unakaa mwaka wa kutolewa kwa umma mara ya kwanza. Ukiweka 2024 kwa picha iliyotoka 2010, umeandika uongo.

MTENGENEZA FREMU: Hoja ya gundi ina ukweli, lakini dawa yake si kuchafua uso. Andika mgongoni kwa penseli laini, nyuma ya ukingo na si nyuma ya picha yenyewe, karatasi ikiwa juu ya kioo safi. Ukikandamiza juu ya kitu laini, herufi zinavimba upande wa mbele na taa ya pembeni inazianika. Kisha bandika lebo isiyo na asidi yenye maneno yaleyale nyuma ya ubao wa fremu. Lebo za dukani msizibandike kwenye picha, gundi yake inapenya. Na saini ikae karibu na picha, kama mm 5 chini yake, halafu tundu la kadi ya fremu, ile inayozunguka picha chini ya kioo, likatwe kubwa kidogo, la sivyo kadi itaifunika.

MUUZAJI WA PICHA: Basi saini usoni nakubali. Kwa picha inayoenda hotelini bado nitaweka ©, ndogo, kwenye ukingo.

MCHAPAJI: Kwenye ukingo sina ugomvi. Ndani ya picha, hapana.