YULE FUNDI WA BIRERE ETI MOSHI NI VUMBI YA VOLKANO YA NYIRAGONGO!!!

Chukudu_Turbo
Bana mi sijalala. Niko naandika na telefone sababu ordinateri, kompyuta yangu, imezima na sijui kama itaamka. Simtaji jina, mutu yeyote aliyepita Birere hapa Goma na mashini mukononi anamujua, yule wa miwani juu ya paji, anaita kila muteja "peti", yaani mudogo, hata mzee wa mvi. Nilimupelekea mashini aifanyie ovakloku, yaani prosesa ikimbie kupita mwendo wa kiwanda.

Niko na prosesa ya Ryzen 5 1600, ya 2017 ndiyo, musinicheke, inatoka kiwandani na 3.2 gigahezi, yenyewe inajipandisha mpaka 3.6, nimeiweka juu ya madabodi, ile sahani inabeba vyote, ya B350 ya bei ya chini kabisa, ile haina hata kipande cha chuma cha kupoza juu ya mosfeti, vile vidude vinalisha prosesa umeme. Nilijua. Njo maana nilimwambia polepole, yaya, tuanze 3.7 kwa volti 1.3, tuipige mzigo nusu saa, tuangalie joto, halafu tuongeze kidogo kidogo na tusipite 1.35. Akaniangalia kama nimekuja kumufundisha kunywa maji. Akaandika 4.1. Volti 1.475. Moja kwa moja, kama mutu anatupa chumvi kwa sombe!

Na mbele ya hapo alishatoa feni yangu ya kiwanda, ya AMD, ile inapuliza chini mpaka mosfeti zinapata hewa, akaweka ile ndefu kama mnara inapuliza pembeni. Dakika ya 12, harufu. Nikasema yaya kuko harufu. Akanionyesha skrini: "Peti, prosesa iko 74, soma." Ndiyo prosesa iko 74! Mosfeti nani anazipima? Moshi ukatoka, mbele ya wateja sita na mama wa mikate, na yeye bila aibu: "Hii si moshi, ni vumbi ya Nyiragongo inaungua, haufagiagi ndani."

VUMBI. YA NYIRAGONGO.

Batu walicheka mpaka mama wa mikate akatua beseni chini. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, lakini haikuniunguza kama ile sentensi. Vumbi bana! Tena akanilipisha dola tano. Ya nini? YA KUFAGIA.

SambazaKavu
Pole ndugu. Lakini 1.475 juu ya B350 uchi, hata Nyiragongo yenyewe ingeomba feni 😂😂

Katindo_Gauche
Mi nasema kosa ni lako. Chukudu ya mbao haibebi kontena. Volti ikipanda joto inapanda kwa mraba wake, toka 1.2 mpaka 1.475 peke yake ni kama nusu nzima imeongezeka na hujahesabu gigahezi, na yote inapita kwa zile mosfeti zako za sokoni. Wewe ulisimama hapo dakika 12 unaangalia nini, mikate?

Chukudu_Turbo
Nilikuwa NAMWAMBIA. Anasema peti soma skrini. Eti vumbi.

Ndosho_Bila_Feni
Mi niko na madabodi ya A320, yenyewe inakataa ovakloku kabisa, bayosi, ile programu ya kuamusha mashini, haina hata pa kugusa. Mwaka muzima nalia. Leo nimeenda kuipangusa na kitambaa na kuibusu.

Yaya_wa_Bayosi
Peti yangu, umejaribu kutoa ile betri ya duara, CR2032, umechomoa na waya ya kuranti, umengoja dakika tano umerudisha? Mara nyingi bayosi inaganda tu na ile volti, ukiifuta inarudi ya kiwanda na mashini inawaka.

Chukudu_Turbo
Yaya nakuheshimu sana, lakini mosfeti moja iko na TUNDU. Betri itaziba tundu? Ama nichukue fagio?

SambazaKavu
Fagio ni dola tano 🤣

Kadutu_Giza
Nyie Goma muko na kuranti ya kuunguza vitu. Hapa Bukavu kwetu inakuja saa saba ya usiku kama mwizi, inaenda hata pasiwedi sijamaliza. Sisi tunaovakloku mushumaa.

Lushi_Mangetu
Mukae kimya na moshi yenu. Hapa Lubumbashi nilipeleka mashini na RAM mbili ikarudi na moja. Fundi anasema ile ingine ilikuwa inachosha mashini.

Kadutu_Giza
INACHOSHA 😭 wa kwangu alisema panya.

Mama_Mbili
Hiyo si kitu. Mi telefone yangu ilirudi na picha 300 za harusi ya batu sijui. Zangu za mutoto hakuna hata moja.

Katindo_Gauche
Harusi ya wapi?

Mama_Mbili
Inaonekana Himbi, karibu na ziwa. Bibi arusi iko na ua kubwa kwa kichwa, meza ya nyuma haina hata chupa moja ya Fanta.

Ndosho_Bila_Feni
Ngoja ngoja. Viti vya zambarau? MI NILIKUWA MEZA YA NYUMA. Mpaka saa tano ya usiku wanasema kinywaji iko njiani!

Yaya_wa_Bayosi
Iko njiani toka Kisangani ama? Meza ya mbele walibeba hadi kreti nyumbani, niliona na macho yangu.

Chukudu_Turbo
Bana hiyo harusi!! Mi nilisimama laini ya mchele saa nzima na zawadi yangu kwa mukono, nafika sufuria wanageuza juu chini. Mama_Mbili, angalia kama kuko picha ya yule alikuwa anagawa nyama