Naomba ushauri: ramani ya nyumba kutoka Ulaya, boma la Seme

Habari zenu ndugu. Mimi ni msanifu majengo hapa Kisumu. Ofisi moja ya Ulaya imenipa nisimamie ujenzi wa nyumba ya familia kule Seme. Ukuta wote wa magharibi ni kioo. Jua la saa kumi litawapika watu sebuleni. Tena mlango mkubwa umelipa lango kisogo! Mama mwenye boma aliigeuza ile karatasi ya ramani, akauliza, "Na simba ya kijana itakaa wapi?" (Kwa Wajaluo, simba ni nyumba ndogo ya kijana wa kiume ndani ya boma la wazazi.) Sikuwa na jibu.

Wale wa ofisi ya Ulaya nimewatajia msanifu majengo Francis Kéré, aliyejenga shule ya Gando, Burkina Faso, kwa matofali ya udongo na paa la bati lililoinuliwa hewa ipite, akapata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, 2022. Wanasema ramani imeshalipiwa.

Mliowahi kufanya kazi na wageni, mliwaelezaje bila kuvunja mkataba?