Mbwa wako alikuonyeshaje kwamba anaumwa? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Habari zenu wakuu. Nina mbwa dume wa miaka 9, anaitwa Popi. Kila jioni nikirudi ananipokea mlangoni, anazunguka miguu yangu mara mbili, kisha anatangulia ndani kama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni. Hajawahi kukosa hata siku moja. Mwezi uliopita akaanza kuja bila kuzunguka. Anasimama, mkia unacheza, ananitazama, basi. Nikasema moyoni, huyu sasa ni mzee, viungo vimechoka.

Siku kama ya tano nikakaa chini karibu na bakuli lake wakati anakula. Alikuwa anainamisha kichwa pembeni, anatafunia upande wa kushoto tu, chakula kinadondoka upande wa pili. Nilipoinua mdomo wake nikakuta gego kubwa la juu limepasuka hadi kwenye ufizi, na harufu yake siwezi kuieleza. Tangu mdogo anapenda kutafuna mawe, nami nilimwacha kwa sababu nilimwona anafurahi. Daktari wa mifugo alipoling'oa akaniambia limemuuma kwa majuma, si kwa siku mbili.

Kilichonikata maini ni kwamba majuma yote hayo alikuwa anakula, na alikuwa anakuja mlangoni. Mbwa wengi hawalii mpaka yawazidi. Anapunguza kitu kimoja kidogo, ambacho wewe unayeishi naye ndiye unayekijua. Ndiyo maana naleta mada hii: wako alikuonyeshaje? Wewe uliona nini kwanza? Semeni hata mliochelewa, maana mimi nilichelewa.

Mchangiaji wa 1

Pole sana mkuu, na pole kwa Popi. Wangu alinionyesha kwa kulala. Alikuwa akisikia tu kamba yake imeguswa anafika. Siku hiyo nikaichukua, akafungua jicho moja akalifunga. Nikamwangalia fizi, badala ya kuwa za waridi zilikuwa zimepauka kabisa. Alipokojoa, mkojo ulikuwa wa rangi ya kahawa. Ilikuwa babesia, ile homa inayoletwa na kupe: vijidudu vinaingia kwenye chembe nyekundu za damu na kuzivunja, ndiyo maana fizi zinapauka na mkojo unageuka rangi.

Kupe mwenyewe nilimkuta katikati ya vidole vya mguu wa nyuma, amejaa kama punje ya maharage. Tangu hapo kila usiku napitisha vidole: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, makwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Dakika tatu tu. Kwa ugonjwa huu kupe anahitaji muda akiwa amejishikiza ndipo aambukize, kwa hiyo ukimtoa mapema umemwokoa mbwa. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta polepole moja kwa moja kwenda juu. Usimchome kwa moto wala usimpake mafuta.

Mchangiaji wa 2

Mimi nilichelewa, na bado naumia. Nilichukua watoto wawili wa mbwa, ndugu. Wakachanjwa mara moja wakiwa na wiki 6, nikaamini nimemaliza. Nikawa natembea nao kila mahali. Walipofika wiki 10, yule jike mdogo akaacha maziwa asubuhi. Hakutapika, hakuhara, aliacha tu maziwa, akaenda kukaa peke yake pembeni ya ukuta. Nikasema atakula mchana. Jioni akaanza kutapika povu, usiku akahara damu. Ilikuwa pavo, ule ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Hakuona kesho yake jioni.

Kaka yake alianza siku iliyofuata, lakini huyu sikusubiri hata saa moja. Alitundikiwa dripu siku 5. Nilikuwa nalala sakafuni karibu naye, na siku ya nne alfajiri nikasikia ulimi unagusa maji. Mara mbili tu, akaacha. Nililia jamani.

Alichonieleza daktari, ambacho ningekijua mapema yule jike angekuwa hai: kinga ambayo mtoto anaipata kwenye maziwa ya mwanzo ya mama yake inaweza kuizima chanjo ya kwanza. Ndiyo sababu chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Ukiacha katikati ni kama hujachanja. Na virusi vya pavo hukaa kwenye udongo na sakafuni kwa miezi, sabuni ya kawaida haiviui. Nilisugua nyumba nzima kwa maji ya klorini.

Mtoto wa mbwa akiacha kula ghafla, usisubiri jioni.

Mchangiaji wa 3

Pole mkuu, nimesoma hapa kimya kimya.

Mchangiaji wa 4

Wangu alininguruma. Miaka 6 hajawahi kuninguruma. Nilikuwa namvisha mkanda tu, akaonyesha meno. Mtu mmoja akanishauri nimchape ili asinizoee vibaya. Nashukuru sikumsikiliza. Sikio la kulia lilikuwa limejaa uchafu mweusi unaonuka, na kila nikivuta mkanda nilikuwa naligusa. Baada ya wiki mbili za dawa alirudi kuweka kichwa chake pajani kwangu. Mbwa mpole akinguruma, tafuta panapouma.

Mchangiaji wa 5

Nakubaliana na wewe, ila naomba niongeze jambo, maana hapa ni uhai wa watu. Mbwa ambaye hajachanjwa, tabia yake ikageuka ghafla, sauti ikabadilika, anadondosha mate au anashindwa kumeza, usimfungue mdomo kutafuta jino bovu. Mfungie mahali salama, mpigie daktari wa mifugo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Akikung'ata au mate yake yakigusa kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Jirani yetu wa zamani alidharau mkwaruzo. Sitaki kueleza zaidi.

Mchangiaji wa 6

Wenye majike: wangu alianza kunywa maji kupita kiasi, bakuli linaisha nalijaza tena. Ilikuwa wiki chache baada ya kutoka kwenye joto, yaani kile kipindi cha kutaka dume. Mfuko wa uzazi ulikuwa umejaa usaha. Akapasuliwa usiku huo huo, leo mzima. Kama huna mpango wa kumzalisha, mpeleke atolewe kizazi mapema.

Na kile kipimo cha pua, kwamba ikiwa kavu anaumwa, mimi kilinidanganya. Pua yake ilikuwa imelowa muda wote. Nunueni kipimajoto. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kitu, juu kidogo ya letu, kwa hiyo kumgusa kwa mkono hakutoshi.

Mchangiaji wa 7

Mwanzisha mada, wangu hakubali kabisa kufunguliwa mdomo. Wewe unafanyaje? Na ulimpa nini cha maumivu kabla ya kufika kwa daktari?

Mwanzisha mada

Cha maumivu sikumpa kitu, na nakuomba usimpe dawa zetu. Ibuprofeni inaharibu tumbo na figo za mbwa. Mpe ile tu aliyoandikiwa.

Kuhusu mdomo, usianze kwa kufungua. Mimi naanza anapolala baada ya matembezi, namshika shavu tu, nampa kipande cha nyama, naacha. Siku kadhaa hivyo. Halafu nainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, nahesabu moja, nampa kipande, naacha. Akigeuza kichwa, simlazimishi, tunarudi kwenye shavu. Popi sasa ameshazoea. Jana jioni alikuja mlangoni akazunguka mara moja, ya pili akaishia njiani akakalia kiatu changu. Nikachuchumaa palepale nikamwinua mdomo, akaniachia. Kidonda kimefunga vizuri, ufizi umerudi waridi.