Tupeane uzoefu: kusoma kemia ya Sinia 5 na 6 ukiwa mtu mzima

Mwanzisha mada, Kampala
Ndugu zangu, nawaomba mliorudia kemia ya Sinia 5 na 6, yaani miaka miwili ya mwisho ya sekondari hapa Uganda, mkiwa tayari na kazi na familia mtueleze mlivyofanya. Siulizi habari za kukariri jedwali la elementi, kwa kuwa mtu anayekumbuka madeni ya wateja wake wote hawezi kushindwa na alama za sodiamu na potasiamu. Ninachotaka kusikia hasa ni Karatasi ya 3, yaani mtihani wa vitendo, ambao mtahiniwa binafsi anaweza kuufikia bila kuwa ameshika bureti, ule mrija wa kupimia myeyusho, tangu Sinia 4. Karatasi ya 1 na ya 2 unaweza kuzisomea sebuleni watoto wakishalala. Ya 3 haisomeki hivyo.

Muuguzi, Arua
Mimi ni muuguzi wa ngazi ya cheti, nikahitaji kemia na biolojia ili niombe shahada. UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, huandikisha watahiniwa kupitia vituo vya mitihani, kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mkuu wa kituo si la ada, bali ni hili: mtahiniwa wa nje ataingia maabara kabla ya siku ya mtihani? Shule moja ilipokea fedha zetu ikatuahidi mazoezi kila Jumamosi, kisha mlango wa maabara ukabaki na kufuli muhula mzima. Nilihamia kwingine, ambako fundi wa maabara, mzee mpole, alituruhusu kubaki baada ya wanafunzi kuondoka, mradi tuoshe vyombo.

Katika kuosha huko ndiko nilikojifunza mengi. Bureti humaliziwa kusuuzwa kwa myeyusho uleule utakaotiwa ndani yake, kwa maana maji yaliyobaki huupunguzia nguvu. Lakini chupa ya kuchanganyia husuuzwa kwa maji tu, kwa sababu matone ya myeyusho yakibaki humo yataongeza moli (kipimo cha wingi wa chembe za kemikali) ambazo hukuzipima. Tena, pamanganeti ya potasiamu ina rangi nzito mno hata mkunjo wa chini wa uso wake hauonekani vizuri, basi husomwa ukingo wa juu, mwanzo na mwisho.

Mtengeneza sabuni, Jinja
Kwa miaka mingi nilipika sabuni ya mche kwa mafuta ya mawese na kostiki soda, nikiujua mchanganyiko kwa mkono bila kuijua sababu yake. Nilipofika kwenye esta, yaani misombo ya asidi na alkoholi, ndipo hesabu za moli ziliponiingia, maana mafuta yenyewe ni esta, na alkali huyavunja yakatoa gliseroli pamoja na chumvi ya asidi za mafuta, ambayo ndiyo sabuni. Moli 1 ya mafuta hudai moli 3 za hidroksidi ya sodiamu, ambayo ndiyo hiyo kostiki soda, yaani gramu 120. Ikipungua, mafuta hubaki, na ikizidi, sabuni huchoma mikono ya mteja. Sijaona kitabu kinacholieleza jambo hilo kwa ukali kama mteja aliyeunguzwa.

Mchimba chumvi, Katwe
Chumvi ya ziwa letu si kloridi ya sodiamu peke yake. Imo kaboneti, imo na salfeti. Nilipeleka kipande maabara, nacho kikawa mazoezi bora kuliko unga wowote wa dukani. Ukitia asidi ya nitriki kwanza, povu hutoka na kaboneti huisha. Ukiongeza nitrati ya bariamu baada ya hapo, mashapo meupe yatakayotokea ni ya salfeti. Ukianza na bariamu, vyote viwili hutoa mashapo meupe, nawe hutajua ni kipi.

Mwalimu wa msingi, Lira
Samahani wakubwa, mbona mnajitesa? Makerere ina mtihani wa kuingilia kwa watu wazima wenye umri wa miaka 25 na kuendelea, na mtu anaweza kuupita bila kugusa bureti.

Muuguzi, Arua
Mwalimu, njia hiyo naijua na siidharau, hasa kwa wanaokwenda kusomea sheria au biashara. Kwa sisi wa tiba, kemia uliyoikwepa utaikuta darasani mwaka wa kwanza, tena imeketi pamoja na vijana walioimaliza juzi.

Mwanzisha mada, Kampala
Dada, kemikali za hayo mazoezi ya jioni alilipa nani?

Muuguzi, Arua
Tulichanga wenyewe. Asidi na soda hazikutusumbua. Nitrati ya fedha ndiyo ghali, kwa hiyo tuliitumia kwa matone, mmoja akifanya jaribio la kloridi na wengine wakiandika wanachokiona. Chupa yake ni ya rangi ya kahawia kwa kuwa mwanga huiharibu, basi msiiache dirishani.