Mlonge na mionzi ya gama: mbona hata kontroli ya DMSO inalinda seli?

Kapilari
Habari wakuu. Dondoo la majani ya mlonge limeyeyushwa kwenye DMSO (kiyeyusho cha maabara), miligramu 10 kwa mililita, likawekwa kwenye damu hadi kufikia mikrogramu 100 kwa mililita, saa 1 kabla ya gama ya Gy 2 (grei, kipimo cha dozi ya mionzi). Mikronuklei, yaani vipande vya DNA vinavyobaki nje ya kiini seli ikidhurika, zimepungua vizuri. Tatizo ni kwamba mirija yenye DMSO peke yake nayo imepungua karibu vilevile. Dondoo linafanya kazi kweli?

Hadubini
Mkuu, kwa mpangilio huo haijulikani. Kutoka miligramu 10 kushuka hadi mikrogramu 100 umeingiza DMSO asilimia 1, karibu milimoli 140 kwa lita. DMSO hunasa radikali za haidroksili, chembe kali ambazo mionzi huzizalisha kwenye maji, na hizo ndizo zinazoleta karibu theluthi mbili ya madhara ya gama kwenye DNA. Dondoo lako, hata lingekuwa kwesetini tupu (kemikali ya mimea inayonasa radikali), ni milimoli 0.33. Kiyeyusho kimelizidi zaidi ya mara 400!

Andaa stoki (mchanganyiko mzito wa kuanzia) ya miligramu 100 kwa mililita, uweke mikrolita 1 kwa kila mililita ya damu. DMSO itabaki asilimia 0.1. Mashapo yakibaki, zungusha kwenye sentrifuji, yakaushe na uyapime uzito, la sivyo hujui umeweka kiasi gani. Damu tupu, DMSO na dondoo, kila kimoja kiwe na mirija iliyopigwa mionzi na isiyopigwa. Sitokalasini B, inayozuia seli kutengana baada ya kiini kugawanyika, iingie saa ya 44 tangu seli zianze kukuzwa, mikrogramu 6 kwa mililita. Vuna saa ya 72, hesabu seli 1,000 zenye viini viwili.

Bi Pipeti
Naongezea. Kwa kiwango kidogo hivyo, kunasa radikali si maelezo ya kutosha. Kinachowezekana zaidi ni seli kuamsha kinga zake, mfano glutathioni, na hilo huchukua saa kadhaa. Linganisha saa 1 na saa 24, na kundi jingine lioshwe kabla ya mionzi. Angalia pia polifenoli, kemikali za mimea zilizomo kwenye dondoo: kwenye midia (maji ya kukuzia seli) huoksidika na kutoa haidrojeni peroksidi, hivyo kundi moja litiwe katalesi, kimeng'enya kinachoivunja. MTT, kipimo cha rangi cha uhai wa seli, iache, maana dondoo lenyewe huigeuza rangi bila seli yoyote.

Kapilari
Asanteni. Na likiwekwa baada ya mionzi?

Hadubini
Weka kundi hilo, dakika 5 baadaye. Radikali za haidroksili huisha ndani ya nanosekunde, kwa hiyo nafuu yoyote utakayoiona hapo haitokani na kuzinasa.