Vifuniko vya kung'aa: gumzo la Wanandugu wa Chumbageni

JUMANNE

Zuhura 18:42
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimerudi nyumbani kwa bajaji, gari limebaki gereji. Tairi la nyuma kushoto limeisha upepo wote mbele ya macho yangu, na wala si msumari.

Mama 18:44
Waalaykum salaam mwanangu. Mko salama? Watoto je?

Zuhura 18:44
Tuko salama mama. Gari lilikuwa limesimama.

Zuhura 18:51
Ilikuwa hivi. Ijumaa si tunakuja Tanga kwenye arusi, nikasema nipitie kwa fundi pancha wa njia panda aniongezee upepo. Kushika kifuniko cha valvu, pale tairi linapojaziwa upepo, hakizunguki. Akafunga kitambaa, wapi. Akaleta plaizi, akakaza. Kikatoka kweli, lakini kimetoka na shina la valvu lenyewe. Upepo ukapiga mluzi, gari likakaa upande.

Zuhura 18:52
[Picha: kipande cha valvu kwenye kiganja, kifuniko cha kung'aa kikiwa bado kimekikumbatia, unga mweupe ukiwa umegandia kuzunguka]

Zuhura 18:58
Gereji nilikovutwa wanasema valvu hii imeunganishwa na sensa ya upepo iliyoko ndani ya tairi, kwa hiyo inatakiwa sensa mpya. Tena wanashauri zote nne, maana umri wake ni mmoja. Moja ni laki tatu na themanini. Nne ni milioni moja laki tano na ishirini, na kuzisajili kwenye kompyuta ya gari laki moja na nusu. Nimekaa kwenye benchi pale sina la kujibu. Hiyo ndiyo ada ya Rayan ya muhula.

Mwanaidi 19:00
Pole wifi yangu. Milioni na nusu kwa kifuniko!

Hamisi 19:03
Pole shangazi. Ni vile vifuniko ulivyovaa mwaka jana?

Zuhura 19:05
Ndivyo. Nilivinunua kwenye foleni ya pantoni, kijana anapitisha madirishani, vinne elfu nane. Vile vyeusi vya plastiki vilivyokuja na gari nikavitupa siku ileile.

Mjomba Salim 19:20
Zuhura.

Zuhura 19:20
Shikamoo mjomba.

Mjomba Salim 19:21
Marahaba mwanangu. Usilipe kitu leo. Waambie lilale hapo, kesho tutaongea nao.

Mjomba Salim 19:34
Ikuze ile picha. Unauona ule unga kama unga wa muhogo? Hiyo ndiyo kutu ya alumini. Kutu ya chuma ni nyekundu, ya alumini ni nyeupe. Shina la valvu ya sensa kama hiyo yako ni la alumini. Kifuniko ulichonunua ni shaba iliyopakwa kromu. Metali mbili zisizo za ukoo mmoja zikikutana penye maji ya chumvi zinafanya kazi kama betri ndogo, na ile dhaifu ndiyo inayoliwa. Hapo dhaifu ni alumini. Sasa ule unga unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, unajaa kwenye zile nyuzi za kukazia kifuniko, nacho kinabanwa kama kimechomelewa. Na wewe uko Kigamboni, upepo wa bahari usiku na mchana. Gari unalioshea maji gani?

Zuhura 19:36
Ya kisima cha hapa nyumbani, mjomba. Yana chumvi, hata chai hatuyapikii.

Mjomba Salim 19:37
Basi.

Mwanaidi 19:41
Mimi gari langu nalo lina vya kung'aa! Ndiyo kusema nalo limekwisha?

Mjomba Salim 19:46
La kwako limetoka Japani na valvu zake ni za mpira, nilizishika mwenyewe Idi. Ukivunja moja ni elfu chache kwa fundi pancha. Hata hivyo vitoe wiki hii. Ndani ya huo mpira kuna shina la shaba, likishikana na kifuniko utakuja kuhangaika barabarani.

Idrisa (Minnesota) 22:10
Ndugu zangu salaam. Ndiyo kwanza nimeingia mapumziko ya mchana. Dada pole sana. Huku hili ni la kila siku, sisi bahari hatuna lakini barabara humwagiwa chumvi majira yote ya baridi ili barafu iyeyuke. Sensa zenyewe ni za lazima kwenye kila gari dogo jipya tangu Septemba 2007. Sheria yake ilipita mwaka 2000, baada ya watu wengi kufa kwa matairi yaliyopasuka. Niambie gari ni la mwaka gani, nikununulie nne huku. Za kampuni nyingine hazifiki hata robo ya hiyo bei.

Zuhura 22:14
La 2016 kaka, lilitoka Uingereza. Allah akuzidishie.

Hamisi 22:20
Anko Idrisa shikamoo. Naomba tusubiri kwanza. Sensa hizi zinaongea na gari kwa mawimbi ya redio. Magari ya Ulaya na Uingereza yanatumia megahetsi 433, ya Marekani mengi ni 315. Ukituma za 315 gari la shangazi halitazisikia kabisa, hata zikiwa mpya ndani ya boksi.

Idrisa (Minnesota) 22:23
Marahaba Hamisi. Umeniokoa, nilikuwa nimeshafungua duka kwenye simu.

Mama 22:25
Mimi sijaelewa jambo moja. Bila hiyo sensa gari haliendi?

Mjomba Salim 22:33
Linaenda dada. Sensa kazi yake ni kutoa habari, haishiki upepo. Kinachoshika upepo ni valvu. Ukitia valvu ya kawaida ya mpira tairi linajaa na safari inaendelea, ila taa ya tairi kwenye dashibodi haitazima. Hapo itabidi upime mwenyewe kwa geji kila wiki, tairi likiwa la baridi, ufuate kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Zamani tulifanya hivyo magari yote.

Idrisa (Minnesota) 22:38
Na taa yenyewe ina lugha mbili. Ikiwaka moja kwa moja, kuna tairi limepungua upepo. Ikipepesa kama dakika nzima unapowasha gari, kisha ikatulia inawaka, ujue mfumo wenyewe una hitilafu, mara nyingi ni sensa iliyokufa. Dada, kabla ya leo yako ilikuwa inapepesa?

Zuhura 22:40
Haijawahi hata siku moja.

Idrisa (Minnesota) 22:41
Basi zote nne zilikuwa hai mpaka asubuhi ya leo.

JUMATANO

Mjomba Salim 07:15
Nimelifikiria usiku. Sensa nyingi za shina la alumini huwa ni vipande viwili: shina, na kile kiboksi cha plastiki chenye betri. Vimeshikwa na skrubu moja ndogo ya nyota. Kilichovunjika ni shina. Ukifika muombe fundi alitoe tairi kwenye rimu akutazamie kama ipo hiyo skrubu. Ikiwepo, inanunuliwa shina peke yake na raba zake, kiboksi kinabaki kilekile. Na kwa kuwa ni kilekile, gari linakijua tayari, hakuna cha kusajili.

Mjomba Salim 07:18
Ongea naye kwa heshima. Kuhusu umri hakukudanganya. Betri zile huishi kama miaka mitano hadi kumi, na zikiisha hazibadilishwi. Ila sensa inayofanya kazi haizikwi. Siku utakayonunua matairi mapya ndiyo siku ya kuzibadili, kwa sababu tairi litakuwa limeshafunguliwa.

Zuhura 10:52
Mjomba!! IPO!

Zuhura 10:52
[Picha: kiboksi cheusi kidogo kama kibiriti, na skrubu moja ya kichwa cha nyota ubavuni]

Zuhura 10:57
Fundi mwenyewe ameshangaa, amesema wao wamezoea kubadili nzima. Ameisogezea kifaa chake cha mkononi cha kusoma sensa, imejibu. Shina halipo pale gereji, Hamisi ameenda Ilala kwenye maduka ya spea.

Mjomba Salim 11:03
Alhamdulillahi. Hamisi, chukua shina la vipimo vilevile, ulinganishe na lile lililovunjika. Hakikisha kijipini cha ndani, kile kinachozuia upepo usitoke, ni cheupe, kilichopakwa nikeli. Wakikupa cha njano cha shaba kirudishe, kitaoza mlemle ndani na tutarudi tulipotoka.

Hamisi 12:40
Nimepata babu. Shina, nati, raba, kijipini cheupe na kifuniko cha plastiki, elfu thelathini na tano. Duka la kwanza walikuwa na cha njano, nikaondoka.

Zuhura 13:02
Bado matairi matatu yenye vile vifuniko. Fundi anasema havizunguki.

Mjomba Salim 13:15
Asivilazimishe. Sikilizeni vizuri, hapa ndipo watu huvunja.

Mjomba Salim 13:29
Kwanza, kazi ifanyikie hapo gereji, sababu hata ukiwa na mkono mwepesi moja inaweza kukatika. Mnyunyizie mafuta ya kulegeza kutu pale kifuniko kinapokutana na shina, kidogokidogo, yaliyomwagika kwenye tairi yafutwe. Muache mpaka asubuhi, mrudie jioni mara moja. Kesho agonge kifuniko taratibu pande zote kwa mpini wa bisibisi, huo unga ndani upate kupasuka. Kisha mkono mmoja ushike SHINA kwa koleo la mdomo mwembamba lisizunguke hata kidogo, mkono wa pili uzungushe kifuniko. Mbele nywele moja, nyuma nywele moja. Mkisikia sauti kama mchanga unasagika, hapo kinakuja. Kikikataa kabisa, akikate ubavuni kwa msumeno wa chuma, juujuu, asifike kwenye nyuzi, halafu akipanue kwa bisibisi bapa. Moto hapana. Niliona mtu Korogwe ametia moto wa gesi kwenye valvu, sensa iliyeyuka na raba yake.

Mwanaidi 13:35
Vya kwangu nimejaribu sasa hivi. Vitatu vimetoka kwa mkono, cha nne kimegoma. Na kweli kuna unga, wa kijani lakini.

Mjomba Salim 13:37
Kijani ni shaba hiyo. Fanya yaleyale ya mafuta.

ALHAMISI

Zuhura 09:48
Cha kwanza kimetoka. Ile sauti ya mchanga mjomba, nimeisikia kwa masikio yangu.

Zuhura 10:05
Cha pili kimetoka.

Mama 10:06
Mashallah.

Zuhura 10:40
Cha tatu kimekataa, amekikata. Nilisimama pale nimeshika pumzi. Kimefunguka kama ganda la karanga, shina zima, nyuzi chache tu juu zimelika. Amezisugua kwa brashi ya waya, kifuniko cha plastiki kimeingia mpaka mwisho.

Idrisa (Minnesota) 16:12
Nimeamka na habari njema. Umelipa ngapi jumla?

Zuhura 16:20
Shina elfu 35. Kufungua tairi, kufunga na kubalansi elfu 20. Kazi ya vifuniko alisema nimpe nitakacho, nimempa elfu 30 kwa moyo mmoja, amehangaika siku mbili. Elfu themanini na tano. Nimezunguka nalo mpaka Kibada na kurudi, taa haijawaka. Mjomba, sijui nikushukuruje.

Mjomba Salim 16:31
Njooni salama tu. Upepo umejaza ngapi?

Zuhura 16:32
33 zote nne, kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema.

Mjomba Salim 16:36
Mkija watu watano na mizigo, angalia kibandiko tena, kuna mstari wa gari lililojaa. Jaza asubuhi kabla hujaliwasha. Na tairi la akiba usilisahau, mara nyingi halina sensa, hakuna taa itakayokuambia.

Zuhura 16:50
La akiba lilikuwa na 14! Nimelijaza.

Hamisi 17:10
Jamani, pale Ilala nilinunua pakiti ya vifuniko vya plastiki ishirini, vina kiraba ndani. Shangazi amechukua vinne pamoja na cha akiba. Anti Mwanaidi nimekuwekea vitano. Nani mwingine anataka, nakuja navyo Tanga?

Mama 17:12
Mletee baba yako vinne, na lile gari la msikiti pia.

Mjomba Salim 17:15
Na mimi viwili.