Kijana wa kwanza, makabila mawili, jina tumpe la nani?

Mama_Kijana_Naks
Wadau habari. Mimi Mkikuyu wa Bahati, bwanangu Mjaluo wa Ahero, tunakaa hapa Nakuru. Tunangoja kijana wa kwanza na vile amekaa vibaya daktari alishasema ni upasuaji, siku tumepewa, saa nne asubuhi. Sasa vita ni jina. Kwetu mnajua kijana wa kwanza anabeba jina la babake bwana, wa pili ndio wa baba yangu, so mimi nikaona nimemaliza hiyo story, nikasema aitwe Owino kama babu yake. Weh! Mama mkwe alipiga simu usiku ati kwani namtakia mzee nini, jina la mtu anapumua halipewi mtoto. Yeye anataka Onyango juu ya hiyo saa nne, na kuna shangazi ameota babu yao marehemu. Baba yangu kusikia hivyo naye akasema kama wenyewe wamekataa nafasi yao basi iwe Njoroge, jina lake. Bwanangu anaangalia mpira tu. Mngefanya aje?

JaKano
Shemeji pole, lakini mathe hakuchukii. Kwetu kuna majina ya saa, Okinyi, Onyango, Ochieng, Odhiambo, Otieno, hayo hayana mwenyewe, halafu kuna jina la juogi, la marehemu, na mtoto anaweza beba yote mawili. Zamani mtoto akilia bila kunyamaza wazee walikuwa wanaita majina ya waliokufa moja moja mpaka anyamaze, wanajua ndiye huyo. Hiyo ndoto msiidharau ila ulizeni ni babu yupi, maana mtu wa tabia mbaya ama aliyekufa kifo kibaya hatumrudishi nyumbani. Na hiyo saa nne imenichekesha bana, siku hizi daktari ndiye anapanga nani awe Onyango, kukiingia mgonjwa wa dharura mbele yako mpaka jioni mtatoka na Odhiambo.

Chebo_Rongai
Mimi Mkalenjin, bwana Mbukusu. Kwetu pia marehemu wanaitwa mpaka mtoto apige chafya, na usiulize tumbako ilikuwa inafanya kazi gani hapo 😂 Wetu alizaliwa mvua ikinyesha kwa hivyo kwao akawa Wafula, na mvua hiyo hiyo kwetu ni Kiprop. Cheti kina yote mawili, kila boma linaita lake na mtoto anaitika kote.

Mkaaji_Free_Area
Mpeni majina ya kizungu mawili mmalize. 2008, ile vita ya baada ya uchaguzi, nilikuwa hapa Nakuru, niliona watu wakiulizwa kitambulisho barabarani na jina la mwisho ndilo lilikuwa linaamua. Wangu hawana la kabila na sijutii.

JaKano
@Mkaaji nakuelewa kabisa, lakini huyu mtoto akifika Ahero bila jina la nyumbani atapewa tu na nyanyake, apende asipende. Halafu mwaka huo huo Kisumu watoto kibao waliitwa Obama, sijui hao wako kabila gani sasa.

Nyina_wa_Njoro
Dada, baba yako aambiwe angoje zamu yake. Ukimpa Njoroge huyu wa kwanza, wa pili utampa jina la nani? Hapo ndio utaanza kuruka mistari na wazee wetu hawapendi.

Karatasi_Kwanza
Zozaneni lakini mmalize kabla ya kutoka hospitali, ile fomu ya taarifa ya kuzaliwa muuguzi atajaza kile atasikia kwa yule anaongea sana, na mama ukiwa na dawa za upasuaji huwezi bishana. Andika kwa karatasi, herufi kwa herufi, Odhiambo bila h imesumbua watu kwa vyeti vya shule na pasipoti. Kusajili ni ndani ya miezi 6, ikipita mnaingia usajili wa kuchelewa na hiyo ina safari zake. Mkibadilisha nia kuna nafasi ya kurekebisha jina ndani ya miaka 2 kwa kulipa ada.

Mama_Kijana_Naks
Asanteni jameni. Bwanangu ameacha mpira akasoma yote, amekubali Onyango, ya ndoto ataenda kuuliza mwenyewe. @Nyina_wa_Njoro shida ni moja tu, sisi tulikubaliana mtoto ni mmoja na baba yangu hajui. Kwa hivyo Njoroge inaingia hapo katikati, wazee watanisamehe.